Tusiiache Njia ya Kivuli Ipotee



Mzee mmoja wa jumuiya yetu alikwenda kupimwa akaambiwa kwamba shinikizo lake la damu limepanda. Alipewa dawa, akaagizwa apunguze chumvi na atembee nusu saa kila siku. Dawa anameza, chumvi amepunguza. Kutembea ndiko kulikomshinda, wala si kwa uvivu. Njia aliyoipita tangu ujana wake kwenda kanisani, chini ya miembe na mikakao, siku hizi haipitiki. Mahali pamoja jirani amepanda mikakao katikati ya njia. Mahali pengine miembe imekatwa kuchomea matofali. Imebaki barabara ya lami, yenye jua kali, malori na bodaboda. Mzee alijaribu siku tatu, ya nne akakaa nyumbani.

Ndugu msomaji, habari hii si ya mzee huyo peke yake. Zamani watu wa Kyela tulikwenda kwa miguu sokoni, shuleni na kwenye Misa. Hakuna aliyeita safari hiyo mazoezi. Leo hata mwendo wa dakika kumi tunaita bodaboda. Barabara ya lami kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema imetuletea neema kubwa: mgonjwa anawahi hospitali na mchele unafika sokoni. Lakini tumedhani kwamba tukishapata lami hatuhitaji tena njia ya miguu. Hapo ndipo tulipokosea.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano tu. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako, ila kuimba kunakushinda. Mwendo huo husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari, huimarisha moyo na mifupa, huleta usingizi na hupunguza mawazo mazito. Shinikizo likiachwa huleta kiharusi, huharibu moyo na figo. Nani asiyejua nyumba ambayo baba alianguka ghafla, na watoto wakaacha shule ili wamuuguze?

Wengine watasema: "Mkulima anashinda shambani, atembee tena kwa nini?" Ni kweli, aliyepalilia mpunga kutwa nzima amekwisha fanya mazoezi yake. Lakini mwenye duka je? Mwalimu, fundi cherehani, kijana anayekaa juu ya pikipiki toka asubuhi hadi usiku, bibi aliyeachiwa kulinda nyumba? Hao wote wanahitaji kutembea, na katika joto letu la bondeni hawatatembea pasipo kivuli. Kyela si Tukuyu. Saa sita mchana juani, mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuzimia. Hivyo kwetu sisi kivuli ni sehemu ya dawa.

Wapo wanaosema ardhi ni haba, na hasa tangu bei ya kakao ilipopanda sana mwaka 2024 kila hatua ya udongo ni fedha. Nawaelewa. Lakini njia ya miguu inataka upana wa mita mbili tu, na mkakao wenyewe hupenda kivuli cha mti mkubwa. Mwembe ulio kando ya njia humfunika mpita njia na pia shamba la jirani.

Tena kuna ardhi ambayo sheria imekwisha kuitenga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tazameni basi Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, mito inayomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Kingo zake zikipandwa mikuyu na miti mingine ya asili, udongo utashikwa wakati wa mafuriko, na chini ya miti hiyo tutapata njia ya watu wote. Wale waliotembea kwa miguu toka Matema kuelekea Lyulilo na Ikombe, ambako akina mama Wakisi hufinyanga vyungu, wanajua raha ya kupita kivulini, mlima upande mmoja na ziwa upande mwingine.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano. Msitu wa Karura, uliomo ndani ya jiji la Nairobi, ulikuwa ukigawiwa wakubwa ili wajenge nyumba. Mwezi Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda kupanda miti huko, akapigwa hadi akajeruhiwa kichwani. Hata baadaye watu waliuogopa msitu huo kwa sababu ya majambazi. Kisha wananchi walishirikiana na serikali, wakauzungushia uzio, wakatengeneza njia. Leo familia zinatembea humo na watoto wao. Ikiwa jiji lenye ardhi ghali namna ile limeweza, sisi tutashindwaje?

Kwa wale watakaoanza kutembea, nawashauri haya:

1. Tembea asubuhi baada ya kupambazuka, au jioni kabla ya giza. Mbu wa malaria huuma usiku.

2. Vaa viatu. Safura huingia kwa nyayo, na nyoka hupenda majani makavu ya mikakao.

3. Chukua maji ya kunywa yaliyochemshwa. Usioge kwenye maji yaliyotuama yenye majani, maana humo mna kichocho.

4. Mwenye kisukari anayetumia dawa asitembee na njaa, na awe na sukari kidogo mfukoni. Mwenye maumivu ya kifua aonane na mganga kwanza.

5. Wakati wa masika usivuke mto uliojaa, hata kama jana ulivuka.

6. Wanawake na watoto watembee wawili wawili au kikundi.

Kwa maoni yangu, kila jumuiya ndogo ndogo ichague njia moja ya zamani katika eneo lake. Wazee waonyeshe mahali ilipopita. Aliyepanda ndani ya njia aongeleshwe kwa upole, kama ndugu, kabla ya jambo kupelekwa mbali. Suala lifikishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ili njia itambuliwe kuwa mali ya wote. Mvua zikianza, kila familia ipande miti miwili na kuitunza. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015 kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Njia ya kanisani ni ukumbi wa nyumba hiyo.

Mzee wetu bado anangoja. Jumamosi moja ya kazi ingetosha kumfungulia njia. Tusingoje hadi tumbebe kwa machela kupita pale pale ambapo angepita kwa miguu yake mwenyewe.