Kasia na kamba havitoshi

KUTOKA MWAMBAO
Na Ramadhani Kitumbo

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, waliowahi kufika ni wavuvi. Majaliwa Jackson aliuvunja mlango wa nyuma kwa kasia, abiria wakaanza kutoka. Akazunguka mbele, ambako marubani walikuwa bado hai. Alisimulia baadaye kwamba rubani alimwonyesha kwa ishara mlango wa dharura. Wakaufunga kamba wauvute, kamba ikakatika, ikampiga usoni, akaja kuzinduka hospitalini. Watu 24 walinusurika. Waliokufa ni 19, marubani wote wawili wakiwamo.

Kamba ile inaninyima raha. Wavuvi wa moyo huo tunao hapa Kigoma, Kibirizi na Katonga, watu wanaokesha ziwani na taa zao wakitafuta dagaa. Boti ikipinduka usiku, wao ndio watakaofika kwanza. Lakini nani amewafundisha la kufanya pale mtu anapokuwa hai ndani ya chombo kilichozama, akigonga ukuta aokolewe?

Kwa kutojua hilo, taifa hili limelipa gharama kubwa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikabaki inaelea kifudifudi, na ndani walikuwamo watu hai. Kitako kikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyonaswa humo ndiyo iliyokuwa ikiwapa pumzi, na ndiyo iliyosaidia meli kuelea. Ilipopata tundu juu ikatoka, maji yakapanda kutoka chini, meli ikazama nao. Waliotoboa walitaka kuokoa, simlaumu hata mmoja wao. Nalaumu kwamba hapakuwa na mzamiaji mwenye vifaa wa kupita chini, awafikie kwa njia ya maji, na hewa yao ibaki ilipo.

Kwamba njia hiyo inawezekana tuliiona kwenye MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo, Alphonce Charahani, akiwa hai. Alikuwa amejibanza mahali penye hewa. Usiku wa kwanza utafutaji ulikuwa umesitishwa kwa sababu ya giza. Kwa aliye ndani ya chombo kilichopinduka, mchana nao ni giza, na hewa inapungua kila anapovuta pumzi.

Ardhini mambo ni yale yale. Machi 2008 mvua ilijaza mashimo ya tanzanite kule Mererani, makumi ya wachimbaji wakafa. Mashimo yale hukutana chini kwa mitobozano, kwa hiyo maji yaliyoingia kwa jirani yanakufuata ulipo, na pampu ya shimo moja inanyonya maji ya mashimo mengi. Huko Thailand, mwaka 2018, vijana 12 na kocha wao walinaswa na maji kwenye pango la Tham Luang. Waliokuja kuwatoa walikuwa wazamiaji wa mapangoni, mabingwa wa dunia, na hata hivyo walilazimika kuwalaza kwa dawa ili wasitapatape majini. Saman Kunan, aliyewahi kuwa askari wa majini, alifia humo akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Kazi hii inaua hata wanaoijua. Anayeifanya kwa kubahatisha atasalimikaje?

Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na kuna sehemu unaondoka ufukweni hatua chache tu tayari chini hakuonekani. Meli ya Liemba ilizamishwa humo mwaka 1916, ikaopolewa 1924, na ikarudi kubeba abiria. Chuma kinaweza kungoja miaka minane; mtu hawezi.

Kwa hiyo naiuliza Manispaa ya Kigoma Ujiji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na Polisi Wanamaji: boti ikipinduka saa nne usiku kati ya hapa na Kagunga, mzamiaji wa kwanza anatokea wapi, na mitungi yake imejazwa? Kila mwalo uchague vijana wake, wafundishwe kuzamia kwa kamba ya kuongoza, kusikiliza mgongo wa chombo kama kuna anayegonga, na kutokitoboa kabla ya kujua hewa imekaa wapi. Vifaa vikae mwaloni, na funguo akabidhiwe mtu anayelala hapo hapo.