Futi 24 za Kujionyesha: Trela Ndefu Haitufai

Wasee, leo nitakosana na watu wangu hadharani. Wakinitoa kwa grupu, mtajua ni kwa nini.

Jumapili hii chama chetu kinapiga kura. Tuko watano. Kwa miaka miwili kila mmoja ametoa elfu moja kila wiki, hata wiki zile za Januari ambazo supu ya chini ya daraja ilikuwa inaonekana kama hoteli. Sasa tuko na zaidi ya laki tano. Mpango ni kutengeneza trela ya kulala ndani, ile ya kuvutwa na gari, tuzunguke nayo Kenya na tuikodishe wikendi ambazo hatuitumii. Rangi tumekubaliana. Jina tumekubaliana. Kimebaki kitu kimoja tu na kimetugawa katikati: urefu. Watatu wanataka futi 24. Wawili, mimi nikiwa mmoja wao, tunataka futi 16. Hesabu mnaiona. Nitashindwa, na ndio maana naandika sasa.

Nianze na vile tulifika hapa, kwa sababu najua hatuko peke yetu. Sote tumelishwa zile video za Marekani. Jamaa anafungua mlango wa trela, ndani kuna jikoni kubwa kushinda ya mamako, sofa, meko ya umeme, choo na shawa, kitanda kama cha hoteli. Nje kuna ziwa limetulia. Anakunywa kahawa. Maze, nani hataki hayo maisha? Lakini umewahi kuona video ya huyo jamaa akirudi rivasi saa moja jioni, mvua inanyesha, na watu wa kempu nzima wamesimama wakimtazama? Hiyo hawapakii.

Tuongee saizi, tuache ndoto. Futi 20 ni urefu wa kontena ndogo, ile unaona ikipita Mombasa Road. Karibu mita 6.1. Futi 24 ni mita 7.3. Hiyo ni kuikaribia matatu ya watu 33. Sasa chukua hiyo matatu, ifunge nyuma ya Prado yenye karibu mita 5. Una kitu cha mita 12 kinachojikunja katikati, na dereva wetu ni beshte aliyepata leseni mwaka juzi. Nampenda sana, lakini bado anazima gari kwenye raundiabauti.

Wenzangu walisema naogopa bure. Kwa hivyo Jumamosi moja nilinunua chaki, nikaazima tepu ya fundi, nikachora trela ya futi 24 kwa parking ya ploti yetu. Ilikula nafasi ya magari mawili, mkia ukaingia kwa lango la stima. Keateka alikuja mbio: "Kijana, unajenga nini hapa?" Nikamwambia ni trela. Akauliza, "Na ikishatengenezwa, italala kwako ama kwangu?" Lile swali bado halijajibiwa na mtu yeyote kwenye chama. Trela hailali Naivasha siku zote. Siku nyingi za maisha yake inalala mahali hapa mjini, na mahali hapo mtu analipa.

Halafu tukajaribu kwa vitendo. Mjomba wa beshte yangu ana trela ya mizigo, ya wazi, futi 20 ukipima mpaka ile shingo ya mbele. Alitukubalia tuivute mpaka Naivasha tukaone. Tulishuka na njia ya Mai Mahiu, ile barabara ya zamani yenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Wanaojua hiyo njia wanajua: kona, lori mbele, lori nyuma, bonde upande mmoja. Kila tukikata kona, mkia wa trela ulikuwa na maoni yake. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu waliotutukana kwa lugha zote za katiba.

Tukafika kempu. Mzee wa geti alitoka, akatazama, akacheka polepole. "Vijana wangu, hii treni mnaipeleka wapi?"

"Mzee, tunataka pale chini ya miti, karibu na maji."

"Pale? Pale huingia gari na hema. Hii nikiwaruhusu, mtanikatia miti."

Alikuwa mtu mzuri, akaturuhusu tujaribu. Tulijaribu dakika arobaini na tano. Mbele, rivasi, mbele, rivasi, mmoja anapiga kelele "leta leta leta", mwingine anapiga kelele "wacha!" Mwishowe tuliegesha kando ya geti, karibu na jenereta. Usiku tulisikia mashine. Asubuhi tukawapata watu wawili waliokuja na nduthi na hema ndogo, wamelala chini ya migunga, wameona viboko wakirudi majini, wametulia, wametuuliza, "Nyinyi mlikuwa wapi?"

Tulikuwa getini, boss. Tulikuwa getini na trela fupi kwa futi nne kuliko ile mnataka kutengeneza.

Najua jibu lenu. "Kenya barabara ni mbaya na kempu ni ndogo, Marekani wamejipanga." Sawa, twende Marekani. Kule Montana kuna hifadhi inaitwa Glacier, na ndani yake kuna barabara maarufu ya milimani, Going-to-the-Sun Road. Ile sehemu ya juu yenyewe, gari lolote, au gari pamoja na trela yake, likizidi futi 21 haliruhusiwi kupita. Prado peke yake ni kama futi 16. Kwa hivyo hata trela yangu ya futi 16 ingeachwa chini. Hiyo siwezi kujitetea.

Nenda Texas, hifadhi ya Big Bend. Barabara ya kuteremka Chisos Basin ina kona kali na mteremko, na wenye hifadhi wanashauri trela zaidi ya futi 20 zisishuke. Nenda California, Yosemite, ile kempu ya Upper Pines ambayo watu hupigania nafasi mtandaoni: mwisho wa trela ni futi 24. Hapo ya wenzangu ingeingia, nawapa hiyo, lakini bila hata inchi moja ya kuongeza.

Kwa nini iko hivyo? Kempu na barabara nyingi za hifadhi zao zilijengwa zamani. Kati ya 1933 na 1942 serikali yao iliajiri vijana wasio na kazi, kikosi kilichoitwa Civilian Conservation Corps, na hao ndio walichonga sehemu kubwa ya njia na kempu zile. Walichonga kwa magari ya wakati wao. Trela zimeendelea kurefuka, miti na miamba imebaki pale pale. Kwa hivyo yule jamaa wa video na meko yake ya umeme, mara nyingi amelala kwenye kempu ya kulipia iliyo tambarare, kando ya barabara kuu, jirani yake akiwa hatua chache. Mahali pazuri zaidi pa nchi yake hapaingii.

Na kuna mtego mwingine hapo. Trela nyingi za kule zina namba kwenye jina, na watu hudhani hiyo namba ndiyo urefu. Mara nyingi ile namba inakaribia urefu wa sanduku tu, pale unapolala. Shingo inayoshikana na gari inaongeza futi tatu hivi au zaidi. Fundi wetu naye alifanya vivyo hivyo. Aliposema "futi 24" alikuwa anamaanisha chumba. Ukiweka shingo tunafika 27. Nilipomuuliza mbele ya wote, kulikuwa na kimya kidogo, halafu mtu akasema, "Si ni futi tatu tu." Hizo futi tatu ndizo zilitulaza na jenereta.

Sasa tuje kwa starehe, kwa sababu hapo ndipo mnanipiga sana. Ati futi 16 ni kuteseka. Kwani starehe ni nini? Mimi nina urefu wa futi sita. Nataka kitanda cha mita mbili ambacho hakikunjwi kila asubuhi. Nataka kusimama bila kugonga kichwa. Nataka meza ya watu wanne mvua ikinyesha, mahali pa kupikia chai, na dirisha pande mbili upepo upite. Hayo yote nimeyachora kwa chaki ndani ya futi 16 na yanaingia. Jiko kubwa linakaa nyuma, unafungua mlango unapikia nje, vile sote hupika tukienda kempu hata hivyo. Nani amewahi kwenda Naivasha akachomea nyama ndani?

Kile hakiingii ni choo kikubwa na sofa. Choo cha trela kinataka tenki la maji safi na tenki la maji machafu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita mia ni kilo mia, na hizo zinavutwa kupanda Mai Mahiu mkirudi. Kempu nyingi nilizolala hapa Kenya hazina mahali pa kumwaga hilo tenki. Mtalibeba mpaka wapi? Kwa keateka?

Na uzito ndio unanifikisha kwa kitu kinachoninyima usingizi kabisa. Laki tano zetu zinatosha trela ya futi 16 yenye ekseli moja, breki zake, taa, tairi ya spea na magodoro, na tunabaki na kidogo cha bima. Futi 24 inataka ekseli mbili na chuma nyingi zaidi, na hesabu ya fundi ilimaliza pesa yote kabla ya kufika kwa breki. Mnajua alituambia nini? "Breki mtaweka baadaye, mkianza kuikodisha."

Baadaye! Trela nzito isiyo na breki inasukuma gari lako mteremkoni. Ukiongeza mizigo mingi nyuma ya ekseli inaanza kuyumba, kushoto, kulia, na ikishaanza kwa kasi hata dereva mzuri anaweza kushindwa kuirudisha. Wanaojua hii kazi husema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iwe imekaa kwenye ile shingo ya mbele, ndiyo itulie. Sisi tulikuwa tunapanga jikoni, tenki na jenereta, vyote vikae mkiani, bila breki, tumpe mteja tusiyemjua aende nayo wikendi na watoto wake. Hapo ndipo niliacha kucheka na hii stori.

Nitakuwa wa haki. Kuna mtu anayefaa trela ndefu. Familia yenye watoto wanne. Mtu anayetaka kuishi ndani, aegeshe mahali pamoja miezi sita, afanye kazi zake kwa laptopu. Mtu aliye na gari kubwa la kuvuta, uwanja wake wa kuegesha, na miaka ya kuendesha na kitu nyuma. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, huyo atakuwa na raha na sisi tutaanza kuchukiana ndani ya futi 16. Ni kweli. Lakini sisi ni vijana watano tunaotaka kulala siku mbili hapa, moja pale. Wawili ndani, wengine watatu kwa hema kando. Tunahama. Urefu wa trela unafaa utoke kwa njia utakayopita na mahali utalala, halafu ndio upange kitanda. Sisi tulianza na picha, tukapanga sofa, na barabara tukaiacha ijipange yenyewe.

Na najua kitu ambacho hakuna anayesema kwenye mikutano. Futi 24 inapendeza kwa kamera. Mimi pia ninaishi kwa hii simu, najua picha inalipa. Lakini wateja wetu hawatakodisha picha. Watakodisha wikendi, na wakilala kando ya jenereta mara moja, hawatarudi, na watasema kwa komenti.

Kwa hivyo watu wangu wa chama, najua mnasoma hii, na najua mmoja wenu ameshaniandikia "umetuanika." Jumapili kabla ya kura nitakuja na chaki na tepu. Tutachora zote mbili, 16 na 24, pamoja na shingo zake, na Prado mbele. Halafu kila anayetaka 24 ataniambia vitu vitatu: italala wapi Jumatatu, ni kempu gani tatu ameenda mwenyewe na anajua itaingia, na breki ni pesa ya nani. Mkinijibu yote matatu, nitapiga kura na nyinyi, nitafuta hii posti, na mandazi ya mkutano ni juu yangu.

Mkishindwa kunijibu, tunatengeneza futi 16. Na breki zinafungwa siku ya kwanza.