Mgongo wa mtoto ukiuma wiki nyingi

Hapa Kasindi mtoto akisema mgongo unamuuma, jibu letu liko tayari: amebeba mzigo mzito, au amechota maji mengi. Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu ya mzigo hupungua mtoto akipumzika siku chache. Yakipita wiki mbili au tatu, na yakimwamsha usiku, tutafute sababu nyingine.

Sababu moja ni kifua kikuu. Tunakijua kwa kikohozi, lakini mikrobu yake hupita katika damu na kufika hata kwenye mifupa ya mgongo. Hospitalini mtasikia jina mal de Pott, kwa sababu ya Percivall Pott, mganga wa Uingereza aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1779. Unakula mfupa polepole, mwezi kwa mwezi, na mtoto anaweza asikohoe hata kidogo.

Angalia hivi: weka kitu chini, umwambie mtoto akiokote. Mwenye mgongo mgonjwa anaogopa kuinama. Anachuchumaa huku mgongo umenyooka. Angalia pia homa ndogo ya jioni, jasho la usiku, kukonda, na kukataa kucheza na wenzake.

Tusingoje kibyongo. Kikionekana, mfupa umekwisha kubomoka. Miguu ikilegea, au mtoto akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku ile ile. Wakati huo ndipo maneno ya uchawi huanza, na wengine hutafuta mkandaji. Mgongo huo haukandwi wala hauvutwi.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika nchi yetu. Lakini kwa ugonjwa wa mifupa, mtoto huzimeza karibu miezi 12. Baada ya miezi michache maumivu hupungua, anarudi kucheza, na mama anaona amepona. Hapo ndipo hatari ilipo: dawa zikikatwa, mikrobu iliyobaki inaamka, na inaweza kuwa sugu. Shule nayo iambiwe, ili mtoto asibebeshwe mizigo.

Vikundi vyetu vina kazi hapa. Dawa ni bure, lakini safari na picha ya mgongo vinaweza kuomba pesa. Likilimba imsaidie mama huyo kabla hajakata tamaa.

La mwisho: mtoto kwa kawaida huambukizwa na mtu mzima anayekohoa karibu naye. Akipatikana na ugonjwa huu, nyumba nzima ipimwe, na baba pia.