Nyiragongo haimo kati ya volkano kubwa za dunia, lakini ni ya kuogopwa zaidi

Kila mara mbingu ya usiku inapogeuka nyekundu upande wa kaskazini wa Goma, swali lile lile linarudi kwenye simu za watu: je, volkano yetu ndiyo kubwa kuliko zote duniani? Jibu ni hapana, na haikaribii hata kidogo.

Volkano hai inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote ni Mauna Loa, kwenye kisiwa cha Hawaii nchini Marekani. Kilele chake kiko meta 4,169 juu ya bahari, lakini ukianza kupima kutoka sakafu ya bahari, mlima huo unapita kilometa 9. Peke yake umefunika karibu nusu ya kisiwa. Kwa urefu juu ya bahari, ya kwanza ni Ojos del Salado, kwenye mpaka wa Chile na Argentina, yenye meta 6,893. Nyiragongo ina meta 3,470. Hata Karisimbi, jirani yake ambayo imelala, inaipita kwa zaidi ya meta 1,000.

Sasa tuangalie vifo. Mauna Loa ililipuka mwisho wa Novemba 2022, baada ya kutulia miaka 38. Lava ilitiririka kwa karibu wiki mbili, ikasimama kabla ya kufika kwenye barabara kuu, na hakuna mtu aliyekufa. Kule kuna kituo cha uchunguzi kilichoanzishwa mwaka 1912, na ile lava ilipita mahali pasipo na nyumba.

Nchini Kolombia mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 13 Novemba 1985, Nevado del Ruiz ilitoa mlipuko ambao kwa wataalamu ulikuwa mdogo. Joto liliyeyusha barafu ya kileleni, na tope likashuka mabondeni hadi mji wa Armero. Watu karibu 23,000 walikufa. Ramani ya hatari ilikuwa imetolewa mwezi mmoja tu kabla, na tope lilitumia zaidi ya saa mbili kufika mjini. Muda wa kukimbia ulikuwepo, ila amri ya kuondoka haikuwafikia watu.

Goma haina hata hizo saa mbili za uhakika. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inakimbia kama maji kuliko lava ya milima mingi, na miteremko ya mlima ni mikali. Mwaka 1977 ziwa la lava lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuacha zaidi ya watu 100,000 bila makao. Nyumba nyingi zimejengwa upya juu ya mawe hayo hayo. Hakuna mwenyeji anayeshangaa.

Kisha ikaja Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba dalili za wazi kwenye mashine za kupima mitetemeko zilianza dakika 40 hivi kabla ya mlima kupasuka. Fedha za Benki ya Dunia zilizokuwa zikisaidia Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma (OVG) zilikuwa zimekwisha mwaka uliotangulia. Watu wengi walianza kukimbia kwa kuangalia mbingu tu, kabla ya tangazo la serikali. Lava ilisimama Buhene. Watu wasiopungua 30 walikufa, baadhi yao katika ajali za barabarani wakati wa kukimbia. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru watu watoke katika kartiye 10, kwa hofu ya lava iliyokuwa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, ambalo limebeba gesi nyingi ya kaboni na ya methani.

Ukweli mmoja unatia wasiwasi zaidi: hata kituo chenye mashine zote kingepata dakika chache. Kwa hiyo kazi kubwa inabaki kwa yule anayetoa tangazo, na kwa barabara zilizo wazi. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na serikali inayotambuliwa iko Kinshasa. Nani atapiga king'ora, na wakaaji wa Majengo au Buhene watamwamini nani?

Kuhusu barabara, hesabu ni fupi. Ile ya Rutshuru inapita chini ya mlima, na lava iliikata mwaka 2021. Uwanja wa ndege ulifungwa na vita vya Januari 2025. Zinabaki njia ya Sake, ambako mwaka 2021 maelfu walitembea kwa miguu wakibeba magodoro, na mpaka wa Gisenyi, ambao kwa kawaida una saa zake za kufunga. Mwaka 2021 mlima ulipasuka jioni.