Kanda za Nyimbo za Uskoti Zikinuka Siki, Zitenge Leo

Mwenye riili za kanda za nyimbo za Uskoti zilizorekodiwa miaka ya 1950 azinuse leo. Kanda nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikianza kuoza hunuka siki. Ukiipata harufu hiyo, iondoe kanda mara moja, kwa sababu mvuke wake wa asidi huziambukiza zilizo jirani. Usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki, maana mvuke ukikosa pa kutokea huzidi kuila. Iweke peke yake, mahali pakavu, penye ubaridi na hewa.

Kinachoweza kupotea ni kikubwa. Mwaka 1953 Hamish Henderson, wa School of Scottish Studies ya Edinburgh, alimfuata mwimbaji Jeannie Robertson nyumbani kwake Aberdeen ili amrekodi. Mama huyu alitoka katika jamii ya wahamahamaji, watu waliodharauliwa mno, kumbe wao ndio waliokuwa wamezihifadhi vichwani nyimbo ndefu za visa vya kale ambazo wasomi wengi walikwisha kuzifanyia matanga. Jeannie alifariki 1975. Maneno ya nyimbo zake yamo vitabuni, lakini jinsi alivyoyavuta na alipopumua utayapata kwenye kanda tu.

Kanda nyingi za taasisi hiyo zimeshaingizwa kwenye kompyuta, na tangu 2010 watu huzisikiliza bure kupitia tovuti ya Tobar an Dualchais. Hofu yangu ni za majumbani, zilizoachwa darini na wajukuu wasiojua walichorithi. Na wewe wa Unguja au Tanga mwenye riili za taarabu za zama hizo, zinuse pia.

Kuna ushauri wa kuoka kanda kwa joto dogo ili ichezeke. Usiufuate! Hiyo ni dawa ya baadhi ya kanda za poliesta zinazonata, tena mikononi mwa fundi. Asetati ukiioka unaiua. Kuzitofautisha si kazi: inua riili mbele ya taa. Asetati hupitisha mwanga, poliesta hubaki nyeusi.

Wala usiiweke kwenye mashine eti uijaribu, kwani iliyokwisha kusinyaa hukatika upesi. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi sauti, ukianza na inayonuka zaidi. Boksi lake usilitupe, hata likiwa limechakaa: mara nyingi jina la mwimbaji limeandikwa hapo tu.