Herufi Zisizo na Mnunuzi

Viazi vya Uporoto vikifurika sokoni Mbeya, bei hushuka, vikiadimika, hupanda. Fonti, yaani jamii ya herufi za umbo moja zinazosafiri pamoja na ukurasa wa tovuti hadi kwenye simu ya msomaji, haifuati njia ya kiazi. Gharama yake karibu yote imo katika kuichora mara ya kwanza. Nakala ya milioni haigharimu takriban kitu. Basi mchoraji atafutaye riziki huchora herufi zinazotakiwa na wengi wenye fedha, na zilizosalia huziacha.

Kiswahili hakikudhurika kwa jambo hili, kwani herufi zake zote zimo katika alfabeti ya Kiingereza, na hata ng' huhitaji ritifaa tu. Mambo ni mengine Umalila, katika Mkoa wa Mbeya. Kimalila kina irabu saba, na tahajia yake huziandika mbili kati yake kwa ɨ na ʉ. Irabu saba zimo pia katika Kinyakyusa, na katika Kivwanji cha Makete, wilaya iliyokuwa ya Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Yafaa ikumbukwe kwamba herufi kubwa Ʉ haikuwa na namba yake katika Unicode, utaratibu wa kimataifa wa kuzipa herufi namba, hadi mwaka 2006. Sentensi iliyoanza kwa herufi hiyo haikuwa na namna moja ya kuandikwa ambayo kompyuta zote zingeielewa.

Ugavi haukuletwa na soko. Shirika la isimu la SIL lilitoa leseni huria ya fonti mwaka 2005, na miongoni mwa fonti zake imo Andika, iliyobuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Jina lake, kama kila mwanafunzi aonavyo, ni la Kiswahili. Herufi za Kimalila zimo, na bei ni sifuri. Mwaka 2010 kampuni ya Google nayo ilifungua maktaba ya fonti za bure kwa tovuti.

Kwa kanuni ya kitabuni, bei ya sifuri ingetosha kuamsha mahitaji. Lakini baobonye nyingi za simu hazina ɨ. Mwandishi huandika i mahali pa zote mbili. Ukurasa wenye i hauiombi fonti ɨ. Na ahesabuye matumizi huamua kwamba herufi hiyo haitakiwi. Isitoshe, msomaji hulipia data, kwa hiyo wenye tovuti hupunguza uzito wa fonti kwa kukata herufi zisizoombwa. Ni kosa kuuita ukimya huo ukosefu wa mahitaji: kinachopimwa ni kile tu ambacho baobonye limeruhusu. Shule hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini hakuna kinachomzuia mwalimu wa kompyuta, Mbeya au Iringa, kuweka baobonye lenye herufi hizo na kuwaachia wanafunzi waandike majina ya vijiji vyao yanavyotamkwa.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Andika ɨ na Ʉ katika ukurasa mmoja, kisha badili fonti mara kadhaa. Herufi iliyoazimwa kutoka fonti nyingine hujifichua: aghalabu huwa nene au nyembamba kuliko jirani zake, na isipopatikana kabisa, huonekana kisanduku kitupu.