Hesabu ikaguliwe kabla ya kuzidishwa

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani mnaijua mita ya kilomita ya lori kuukuu. Ikifika 999,999, kilomita moja ikiongezeka inarudi kwenye sifuri tupu. Anayetaka kulinunua lori akiitazama anadhani ni jipya, kumbe nafasi za tarakimu zimekwisha.

Kompyuta nayo ina ugonjwa huo huo. Tangu nirudi nyumbani kutoka uhamishoni natengeneza kompyuta, na wateja wengi huniambia mashine haikosei hesabu. Hukosea. Hesabu ya biti 32 inaishia 4,294,967,295. Ukiongeza moja, unapata sifuri.

Tuchukue mfano wa mwaka 2004. Programu inayotaka kuingia mtandaoni hupitia mlango uitwao soketi, na huruhusiwa kukieleza kiini cha mfumo namna inavyotaka kuhudumiwa. Kwenye Linux, programu ilitaja idadi ya anwani inazotaka kupokea matangazo yake. Kiini kilizidisha idadi hiyo kwa baiti 4, kikaongeza baiti 16 za mwanzo wa orodha, kisha kikatenga nafasi. Mjanja akitaja anwani 1,073,741,824, mita inarudi sifuri. Kiini kinatenga baiti 16 tu, halafu kinaanza kumimina orodha nzima, kama mtu anayemwaga gunia la mahindi kwenye kikombe. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida aliweza kuiangusha mashine au kuitwaa yote. Mwaka 2008 kosa la aina hiyo lilionekana tena, safari hii kwenye urefu wa ufunguo wa itifaki ya SCTP.

Dawa ilikuwa mistari michache: kagua namba kwanza, ikizidi kikomo ikatae. Kuzidisha kwanza na kukagua baadaye hakufai, maana jibu limeshaharibika.

Watunga programu husema hakuna atakayeleta namba kubwa hivyo. Mimi nasema kufuli halikuwekwa kwa ajili ya mteja mwema.

Tena kwetu namba kubwa haihitaji mjanja, kwa sababu fedha zetu zina sifuri nyingi. Programu ya duka inayotumia biti 32 zinazobeba pia namba hasi inaishia 2,147,483,647. Ilitungwa kwa dola, na huko kiwango hicho ni utajiri. Kwa faranga za Burundi au shilingi za Uganda, mwenye ghala hukifikia, na mauzo yake yakageuka deni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kulipia programu yoyote ingizeni mauzo mawili ya majaribio, kila moja 1,500,000,000. Jumla isipokuwa 3,000,000,000, msitoe hata senti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari tunalo, ila tulikague kabla halijatukagua sisi.